Kilo Zetu au Kilo za Ukweni?

Mpenzi msomaji, kama una safari ya ndege na mwenza wako hivi karibuni, iwe ni fungate, likizo au kwenda kuwasalimia ndugu walioko ughaibuni, naomba usome safu ya mwezi huu ukiwa naye pembeni. Leo tunaongelea mabegi. Najua wengine mtacheka, mabegi na mapenzi wapi na wapi? Lakini hebu waulize wale kinadada na kinakaka wanaofanya kazi kwenye kaunta za uwanja wa ndege. Wanaziona ndoa za watu katika dakika ile ambayo mtu hana tena nafasi ya kujifanya mpole.

Humu ndani tumeshaongea sana kuhusu pesa, kuhusu siri na kuhusu wakwe. Begi la safari lina vyote vitatu.

Nikupe kisa. Mwaka juzi nilikuwa Dubai, kwenye foleni ya ndege ya kurudi Dar es Salaam. Mbele yangu walikuwa bwana mmoja na mkewe, vijana wenzetu, wamevalia fulana za rangi moja, wale wa kushikana mikono mpaka kwenye ngazi za umeme. Toroli mbili, mabegi manne, na boksi moja lililozungushiwa selotepu kila kona. Tiketi zao zilikuwa za kilo 30 kila mmoja, kwa hiyo jumla 60. Mizani ikasoma 71.

"Mmezidisha kilo 11," dada wa kaunta akawaambia, bila hasira, kama mtu anayekutajia saa.

Bwana akamgeukia mkewe. "Mama, si nilikwambia yale mashuka ni mazito?"

"Mashuka ni ya mama yangu. Toa kwanza viatu vya mdogo wako, jozi tatu zile."

"Viatu ameshalipia."

"Na mama yangu je, hajalipia? Kanilipia ada tangu chekechea!"

Foleni nzima kimya. Mabegi yakafunguliwa pale pale sakafuni, nguo za ndani zikaona mwanga wa uwanja wa kimataifa. Kwenye begi la bwana vikaanza kutoka vitu ambavyo bibie, ukimwangalia usoni, alikuwa anaviona kwa mara ya kwanza: seti ya sufuria, blenda, saa mbili za mkononi, kompyuta mpakato ya rafiki. Mwisho wa yote wakalipia kilo 5, na seti ya sufuria, yenye kilo 6, ikaachwa kando ya pipa la taka. Ndani ya ndege, zaidi ya saa tano angani, walikaa viti vya jirani kama abiria wasiojuana.

Nilikuja kuongea na yule bibie tulipokuwa tunasubiri mabegi Dar. Hakulalamika kuhusu pesa hata kidogo. "Dada yangu," akaniambia, "kumbe kuna watu watano walishaahidiwa nafasi kwenye mabegi yetu. Na mimi nimeacha gauni langu dukani nikijua nabana kilo."

Umemsikia? Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Kilo za safari ni mali ya nyumba kama ulivyo mshahara, tena ni mali yenye kikomo kilichoandikwa kwenye karatasi. Mmoja wenu akianza kuzigawa kwa ndugu na marafiki bila mwenzake kujua, amegawa kitu ambacho si chake peke yake. Na tofauti na mshahara, ambao mtu anaweza kuuficha ficha mpaka mwisho wa mwezi, kilo huwa zinatangazwa mbele za watu, na mizani haina ushemeji.

Sasa basi, ili mkae mezani mkiwa na la kuzungumza, ni lazima kwanza mjue mna kilo ngapi. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, maana wanaulizana mitaani badala ya kusoma tiketi. "Shemeji alipanda ndege hiyo hiyo akaruhusiwa kilo 40." Inawezekana kabisa. Lakini shemeji alilipa nauli gani? Alikuwa anaenda wapi? Ana kadi ya uanachama wa wasafiri wa mara kwa mara? Siku hizi ndani ya ndege moja, kwenye daraja lile lile la kawaida, abiria wawili waliokaa kiti kwa kiti wanaweza kuwa na haki tofauti za mizigo kwa sababu mmoja alichagua nauli ya chini kabisa. Fungua tiketi yako utafute mahali palipoandikwa mzigo. Ukiona 30K, hizo ni kilo 30. Ukiona 2PC, hayo ni mabegi mawili. Hivyo vialama viwili vina tofauti kubwa kuliko unavyodhani.

Kwenye mfumo wa kilo, unapewa jumla, na mwenyewe unaamua uzigawe kwenye begi moja au mawili. Mashirika ya Ghuba yameutumia sana mfumo huu kwa safari za huku kwetu. Uzuri wake kwa wapenzi ni kwamba mashirika mengi yanawakubalia watu waliokata tiketi kwa pamoja, wanaosafiri ndege moja, kujumlisha kilo zao. Begi la bibie likiwa na 34 kwa ujumla wake na la bwana 26, hakuna shida, 60 ni 60. Ila begi moja moja lisivuke kilo 32. Kikomo hicho kiko karibu kila mahali duniani, na kiliwekwa kulinda migongo ya wale vijana wanaopakia mizigo. Kwa hiyo hizo 34 zikae kwenye mabegi mawili.

Kwenye mfumo wa mabegi, mapenzi hayana nafasi. Kila mtu na lake. Unaruhusiwa begi moja au mawili, kila moja kwa kawaida lisizidi kilo 23, na ukijumlisha urefu, upana na kina chake lisizidi sentimita 158. Safari za Marekani na Canada zinakwenda hivyo. Begi lako likiwa na kilo 27 utalipia, hata kama la mume wako lina 19 na mmefunga ndoa wiki iliyopita. Dawa yake ni kufungua na kuhamisha. Ndiyo maana wenye uzoefu hupanga nguo nzito zikae juu, ili kuhamisha kusigeuke maonyesho ya chupi.

Nimesema "waliokata tiketi kwa pamoja", na sikusema kwa bahati mbaya. Wachumba wengi kila mmoja anakata tiketi yake, kwa wakati wake, kwa kadi yake. (Wengine ni kwa sababu nyumbani hawajasema wanasafiri na nani, hayo ni yenu.) Mkiwa na bukingi mbili tofauti, dada wa kaunta ana haki ya kuwaona kama watu wawili wasiohusiana, na kilo hazijumlishwi. Kama mna mpango wa kuchangia mizigo, kateni tiketi moja yenye majina mawili. Vile vile angalieni safari za kuunganisha. Mtu anatoka Mwanza na tiketi moja, halafu Dar anapanda ndege nyingine kwa tiketi nyingine kabisa. Zile kilo za safari ya kimataifa haziisaidii ile ya Mwanza. Safari yote ikiwa kwenye tiketi moja, mara nyingi masharti ya mzigo huwa mamoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na yanakuwa yameandikwa.

Kuhusu bei, tuongee kwa mfano wa kufikirika. Chukulia kaunta inakutoza dola 15 kwa kila kilo iliyozidi. Seti ya sufuria ya kilo 6 uliyoinunua dola 40 inakuwa imekugharimu dola 130, na huenda Kariakoo zipo zinazofanana nazo, zimekuja kwa meli. Mashirika mengi yanauza kilo au begi la ziada kwa bei nafuu ukinunua mapema kwenye intaneti kuliko ukisubiri kaunta. Na kwenye mfumo wa mabegi kuna hesabu ya ajabu kidogo: ukizidisha kilo 4 kwenye begi unaweza kutozwa pesa nyingi sana kwa hizo nne, wakati begi la ziada lenye kilo 23 nzima likigawanywa kwa kilo linakuja kuwa rahisi zaidi. Linganisheni yote mawili kabla ya kulipa.

Wapo wanaoamini haya ni mambo ya kupita na ipo siku mashirika yatarudi kuwa wakarimu. Watasubiri sana. Ryanair ya Ireland ilianza kutoza mabegi ya kwenye tumbo la ndege mwaka 2006. Mwaka 2008, mafuta yalipopanda bei, American Airlines ikaanza kutoza dola 15 kwa begi la kwanza kwenye safari za ndani, na wenzake wakafuata. Hapa kwetu wengi tulionja utaratibu huo kwa fastjet, iliyoanza kuruka Dar mwezi Novemba 2012 kwa nauli za chini, begi ukilipia pembeni. Iliacha kuruka nchini mwishoni mwa 2018. Hata Southwest ya Marekani, iliyojitangaza miaka nenda rudi kwamba kwao mabegi ni bure, ilianza kutoza mwezi Mei 2025. Mashirika yameshajua kuwa abiria analinganisha nauli, halinganishi begi. Na tumbo la ndege nalo ni duka: nafasi usiyoijaza wewe inauzwa kwa mizigo mingine, maua ya Naivasha na kadhalika.

Turudi nyumbani, maana mgogoro wenyewe unaanzia huko.

Ukitangaza safari leo asubuhi, mpaka jioni una maagizo. Wifi anataka pochi. Mjomba anataka tairi (usicheke, nimeshasikia). Mama mkwe hataji kitu, anasema tu "mtakachonionea", na hilo ndilo agizo zito kuliko yote. Kwa mila zetu, kusema hapana ni kazi, hasa ukweni, na hasa kwa ndoa ambayo bado mbichi. Matokeo yake mume anasema ndiyo kwao, mke anasema ndiyo kwao, kila mmoja akitegemea kwamba mwenzake atabana.

Wanandoa ninaowakubali kwa hili wana daftari. Wiki tatu kabla ya safari wanaandika jumla ya kilo. Wanatoa kwanza uzito wa mabegi yenyewe, kwa sababu begi kubwa la magurudumu likiwa tupu linaweza kula kilo 4 au 5. Wanatoa nguo zao. Kinachobaki wanakigawa sawa kwa sawa, kwao na kwao, hata kama upande mmoja una ndugu kumi na mwingine wana wawili. Niliwauliza kwa nini sawa kwa sawa, siyo kwa idadi ya ndugu. Yule mama akanijibu kwamba wakianza kuhesabu ndugu hawatamaliza, maana kwa mume wake mpaka jirani anaitwa shangazi. Mimi nakubaliana naye. Mgawo wa nusu kwa nusu unaweza kuwa na kasoro, lakini hauleti ubishi, na mwenye ndugu wengi anajua mapema kwamba lazima anunue vitu vyepesi.

Halafu kila mtu anaongea na watu wake. Hili nalisisitiza. Mume asimwachie mkewe kazi ya kumwambia mama mkwe kwamba hakuna nafasi, kwa sababu hata afunge sentensi kwa asali namna gani, litakalobaki masikioni ni kwamba mkamwana kakataza. Mke naye aongee na kwao. Na usikatae, mpe achague. "Mama, kwenye mzigo wetu una kilo 3. Nikuletee mashuka au abaya na manukato?" Ukimweleza hivyo mtu mzima anaelewa, tena anafurahi kwamba ametengewa kilo zake. Kinachowaumiza wazazi ni kuona zawadi ya fulani imefika na ya kwake imebaki.

Vitu vizito na visivyo na haraka visikae kwenye begi lako hata kidogo. Kuna mawakala wanaokusanya mizigo ya watu Dubai na Guangzhou na kuileta kwa meli, wanatoza kwa ujazo badala ya uzito. Inachukua wiki kadhaa. Sufuria hazina haraka.

Kwa wanaokwenda kinyume, yaani kutoka huku na kwenda kwa ndugu Uingereza, kuna kilo zinazokufa kabisa njiani. Nyama na vitu vya maziwa kutoka huku haviruhusiwi kuingia Uingereza kwenye mizigo ya abiria. Samli ya bibi imo humo. Ile chupa ya lita mbili uliyoibembeleza kwa taulo tatu, ukiwa umeacha viatu vyako ili iingie, itaishia mikononi mwa afisa wa forodha. Dagaa wakavu wana bahati, samaki wanaruhusiwa mpaka kilo 20 kwa mtu. Kwa hiyo wifi yako wa Reading akiagiza samli na dagaa, unajua cha kumjibu.

Mbinu za begi la mkononi mnazijua, sina haja ya kuwafundisha. Nimemwona kijana amevaa makoti mawili ya baridi Dubai mwezi wa nane, jasho linamtoka kama yuko jikoni kwa mama lishe, mifukoni chaja na chupa za manukato. Kilo 7 ndio kikomo cha kawaida kwa mashirika mengi, na siku hizi wanapima. Cha kuzingatia zaidi ni hiki: ndege ikijaa, begi lako la mkononi linaweza kuchukuliwa mlangoni likapelekwa chini. Likichukuliwa, toa kwanza pawabenki, kwa sababu betri hizo haziruhusiwi kwenda kwenye tumbo la ndege, halafu toa pasipoti, dawa na vito. Mkiwa wawili, kubalianeni mapema nani anashika nini. Mnaweza mkafika mmoja amelala na pete ya mwenzake imelala uwanja mwingine.

Sasa nina jambo zito la kusema. Kila unaposafiri, atatokea mtu. Anaweza kuwa rafiki wa rafiki, mtu wa kanisani au msikitini, au mwanamke mwenye mtoto mgongoni pale pale kwenye foleni. "Kaka, naona begi lako dogo, nisaidie hiki kifurushi, kuna mtu atakipokea." Mwenza wako ana huruma, anakubali. Wewe ukikataa, unaonekana una roho mbaya. Naomba safari hii mwenye roho mbaya ndiye ashinde. Mzigo ukishabandikwa lebo yenye jina lako, mbele ya sheria ni wako, na kwa Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 kifungo kinaweza kufika maisha. Kuna nchi nyingine adhabu ni kifo.

Na lebo yenyewe ni ya kuogopwa. Mwishoni mwa 2018, mwanafunzi wa Nigeria alikwenda Saudi Arabia kwa ibada ya umra pamoja na mama yake. Akakamatwa huko, kwa sababu begi ambalo halikuwa lake, lenye vidonge vya tramadol, lilikutwa na lebo yenye jina lake. Uchunguzi ulionyesha kwamba kulikuwa na watu kwenye uwanja wa ndege wa Kano waliokuwa wakitumia majina ya abiria. Aliachiwa mwishoni mwa Aprili 2019, baada ya miezi minne. Yeye hakuwa amembebea mtu chochote. Kwa hiyo unapomaliza kupima mizigo, kabla hujaondoka kaunta, hesabu vile vipande vya stakabadhi unavyobandikiwa nyuma ya bodingi pasi. Umetoa mabegi mawili, viwe viwili. Mwenzako naye ahesabu vyake.

Kwa ndugu wa kweli kabisa, ambaye huwezi kumkatalia, kuna lugha ya heshima. "Leta kikiwa wazi, shemeji, tufunge pamoja hapa nyumbani." Mwenye nia njema haoni ubaya. Anayenuna umeshajua.

Kuna jambo la lebo linalowahusu wapenzi moja kwa moja. Mara nyingi bwana ndiye anasimama mbele kaunta, na mabegi yote manne yanaandikwa jina lake. Ombeni yagawanywe, mawili kwa jina la bwana na mawili kwa jina la bibie. Sababu yake ni Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania na Kenya zimo. Mkataba huo unaweka kikomo cha fidia ya mzigo uliopotea, kuharibika au kuchelewa kwa kila abiria, hauhesabu begi kwa begi. Tangu Desemba 28, 2024 kikomo hicho ni SDR 1,519, ile fedha ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, na ukiibadili inakuja kama dola 2,000 hivi. Mabegi manne yenye jina moja yakipotea, mnaweza kujikuta mnabishania kikomo kimoja, wakati mngeweza kuwa na viwili. Begi likiharibika, andika malalamiko ndani ya siku 7. Likichelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipolipata. Andika, usipige simu tu.

Na nguo zichanganyeni. Nusu ya nguo zako ziwe kwenye begi lake, nusu ya zake kwenye lako. Begi moja likipotea, hakuna atakayekuwa anazunguka Istanbul na kanzu ya ndege huku mwenzake anabadilisha viatu.

Nimalizie na maharusi, maana msimu ndio huu. Kama fungate lenu ni Zanzibar au mbugani na mtapanda zile ndege ndogo za abiria kumi na wawili hivi, sahauni kila nilichosema kuhusu 30 na 23. Huko kilo 15 kwa mtu ndio kawaida, na wanataka begi laini lisilo na fremu, kwa sababu mahali pa kuliingiza ni padogo kweli. Hapo msibishane na rubani. Ndege kubwa ikikutoza kilo 5 zilizozidi inafanya biashara. Ndege ndogo inapokataa kilo 5 inapiga hesabu ya kupaa na kutua. Wanaweza hata kuwapima ninyi wenyewe, na bibi harusi akatajiwa kilo zake mbele ya bwana harusi. Kwa hiyo magauni manane ya kupigia picha yachaguliwe yabaki matatu kabla hamjatoka nyumbani, mengine yaachwe Dar kwa shoga au hotelini mtakaporudia. Na ile mizani ndogo ya kuning'iniza begi iwekeni kwenye orodha ya zawadi za harusi. Vyombo mtapewa tu, hata msipoomba.

Tukutane mwezi ujao.